Gari Lililofika Gotini

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitamka, na hata sasa ambapo hayupo wa kukasirika sitaliandika. Kwetu Ukambani mke wa mtoto hamtaji baba mkwe kwa jina. Ni nthoni, ile heshima yenye haya ndani yake inayokaa kati ya wakwe: hamshikani mikono, hamkai benchi moja, na mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Kwa hiyo mbele yake nilimwita Baba, na nyuma yake nikamwita vile soko zima la Migwani lilivyomwita, yaani Fundi.

Nilifika kwake miaka ya sabini nikitokea Mukuyuni, upande wa Makueni, mwalimu kijana mwenye sanduku moja la bati na mdomo mwingi. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa, anakuja Krismasi na wakati wa mazishi. Ukihesabu siku, nimeishi zaidi na baba yake kuliko nilivyoishi naye mwenyewe. Ninaposema namjua Fundi simaanishi namjua kama mtu anavyomjua jirani. Ninajua alivyokohoa mara mbili kabla ya kukaribia jikoni, ili nipate muda wa kujiweka sawa. Ninajua alivyokula huku amegeukia ukuta. Ninajua pia jambo moja alilolifanya mtoni, ambalo wengine walilisikia tu, na kila aliyelisimulia alilitia chumvi yake.

Alikuwa fundi wa springi, basi. Ukimpelekea injini atakuelekeza kwa mwenzake ng'ambo ya barabara, tena kwa dharau. "Injini ni mdomo ya gari," alikuwa akisema. "Inapiga kelele tu. Springi ndio mgongo." Springi zenyewe ni zile za vyuma vyembamba vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kirefu juu, kifupi chini, na karibu kila gari la mizigo lililopita Migwani lilikuwa limewahi kulala chini ya mwembe wake likivuliwa vyuma hivyo. Alivipasha moto kwenye makaa, akavikunja upya kwa nyundo juu ya kipande cha reli, akavizamisha kwenye oili chafu, na harufu yake ikashika nguo za nyumba nzima. Niliingia darasani nikinuka oili mpaka wanafunzi wakanizoea.

Kabla hajagusa gari la mtu alivua viatu, akapanda nyuma na kusimama, akafumba macho, na mwenye gari akaamriwa azunguke soko polepole. Watu walimcheka meno nje, mzee mzima amesimama pekupeku kwenye pikapu kama kuku aliyepanda paa. Yeye hakujali. Akishuka alikuambia chuma cha ngapi kimevunjika na upande gani, na hakukosea. Mikono yake ilikuwa mibaya, yenye makovu ya moto mpaka kwenye viwiko, lakini aliogopa sindano vibaya sana. Siku moja alitoroka zahanati akiwa na msumari mguuni, akachechemea hadi nyumbani na kujichomea kidonda kwa chuma cha moto.

Wateja wake wote walitaka kitu kimoja. "Ongeza, Fundi. Inua hii gari." Barabara zetu zilikuwa mawe na mchanga, na mito yetu ni ile ambayo karibu mwaka mzima haina maji, ni mchanga tu unaovukwa kwa magurudumu. Gari la chini halifiki popote. Basi aliongeza vyuma, akainua, na magari yakatoka kwake yamesimama kama mbuzi aliyeona fisi. Katika miaka hiyo yote nilimwona akishusha gari moja tu. Lilikuwa lake.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mkali. Alikuwa na hasira ya kimya, ile inayokaa nyumbani siku tatu bila kuketi. Hakuomba msamaha, na ukimshukuru alikasirika. Tena alikuwa mzee wa kanisa, na hapo ndipo aliponichanganya kabisa. Jumapili alisimama mbele ya watu akapiga meza. "Wapendwa, tumeokoka! Mambo ya nthoni, mambo ya kukimbiana njiani, hiyo ni giza ya wazee wetu. Ndani ya Kristo mkwe ni ndugu!" Watu waliitika amina. Ibada ikiisha alisimama mlangoni kuwashika mikono waumini mmoja mmoja, na akiniona nakuja alikumbuka ghafla kwamba kuna dirisha halijafungwa.

Hata kuendesha gari alinifundisha kwa namna hiyo hiyo. Aliona haifai mimi kwenda shule kwa miguu wakati pikapu imelala nyumbani, lakini angekaaje na mke wa mwanawe kwenye kiti kimoja? Akatembea. Mimi ndani, yeye nje kando ya bodi, jasho linamtoka, anapiga kelele bila kunitazama: "Klachi! Klachi, mwalimu! Unataka kuua gari ya watu?" Tulikubaliana ishara. Akigonga bodi mara moja, simama. Akigonga mara mbili, twende. Nilijifunza kwa wiki tatu, naye akachakaza soli za viatu jozi nzima. Soko lilivunjika mbavu. Mimi nilimpenda tangu hapo, na nasema wazi kwa sababu wakati huo sikuweza kumwambia.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya kizamani hata wakati huo, ya kijani iliyopauka, taa za mviringo, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya. Aliipata kwa mlowezi mmoja aliyekuwa akifunga virago baada ya uhuru. Aliipenda kuliko alivyotaka ijulikane.

Sasa niseme habari za Susu. Susu kwa Kikamba ni nyanya, na huyu alikuwa mama wa mama mkwe wangu, yaani Fundi ndiye aliyemwoa binti yake. Hakuwa na mtoto mwingine. Miguu yake ilipokufa ganzi aliletwa kutoka Tulia, yeye na kigoda chake, akakaa nasi. Alikuwa mnene, mcheshi, na mwenye masikio ya ajabu. Yeye na Fundi waliishi boma moja miaka minne na sikuwaona hata siku moja wakitazamana. Fundi alimsalimu kila asubuhi akiwa amesimama nje ya mlango, uso upande: "Mama, umeamka?" Naye Susu akajibu kutoka ndani: "Nimeamka, baba." Basi, mpaka kesho.

Kila wiki mbili Susu alitakiwa hospitali ya misheni, na shida ilikuwa kumpandisha. Pikapu ilikuwa juu kama zote. Mama mkwe wangu alikuwa mdogo wa mwili, mimi nina mikono ya chaki. Fundi ndiye aliyekuwa na nguvu za kuinua ekseli peke yake, na Fundi ndiye ambaye hangeweza kumgusa. Basi tuliita wanaume wa soko, wanne, watano, wakamshika hapa na pale, leso ikapanda, wengine wakitania, "Leo tunapakia mahindi!" Susu alicheka nao. Siku moja nilikaa naye nyuma ya gari nikamwona analia bila sauti. "Mimi sitaki kubebwa tena kama gunia," aliniambia. "Afadhali mniache nioze hapa."

Sijui Fundi alisikiaje. Labda mama mkwe alimwambia. Nilichokiona ni hiki: kesho yake, Susu akiwa amelazwa juani kwenye mkeka, Fundi alikohoa, akaingia chumbani mwa Susu, akachukua kigoda chake, akaenda nacho gereji. Alichukua uzi, akapima kutoka ardhini hadi pale mtu anapokalia, akafunga fundo. Hakuweza kumpima Susu, kwa hiyo alipima kigoda.

Kisha akaanza kuishusha pikapu. Akatoa vyuma vinne vya springi kila upande wa nyuma. Vile virefu vilivyobaki akavipasha moto na kuvinyoosha vikawa karibu bapa. Akakata vipande vya chuma kizito akaviingiza kati ya ekseli na springi, akatengeneza yuu-bolti ndefu zaidi za kuvishika. Mwisho akang'oa sakafu ya bodi na kuirudisha chini, imekaribia kulalia chesi, ile mifupa ya gari. Kila jioni alishusha jeki taratibu, akasimamisha ule uzi nyuma ya gari, akatikisa kichwa, akainua tena. Alipata fundo siku ya tisa. Ubao wa nyuma ukifunguliwa ulifika gotini.

Soko likaja kutazama. "Fundi, hii gari imeatamia mayai?" Dereva mmoja wa lori, rafiki yake wa zamani, hakucheka. Alichuchumaa akatazama tumbo la pikapu lilivyokaribiana na ardhi.

"Na mto, je?" akauliza.

"Nitapitia juu, kwa daraja."

"Kila siku?"

"Wewe endesha lori yako," Fundi akasema.

Siku ya hospitali alisogeza pikapu kinyumenyume mpaka mlangoni kwa Susu, kisha akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Susu alitoka akijiburuta na kigoda, akageuka, akakalia ubao wa nyuma kama anayeketi kwake, akajivuta ndani mwenyewe. Hakuguswa na mtu. Akasema kwa sauti kubwa, ili iende hadi nyuma ya nyumba, "Aiya! Kumbe mimi ni mzungu!" Nilichungulia nikamwona Fundi amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka, au nilifikiri hivyo.

Tulienda hivyo karibu mwaka. Alipitia juu kila mara, njia ndefu yenye daraja, na gari lile la chini lilipita likikwaruza mawe, naye akiuma meno kila likikwaruza.

Siku ninayoisema ilikuwa Novemba. Mama mkwe alikuwa kwenye mazishi Tulia. Tulitoka hospitali alasiri, Fundi mbele peke yake, mimi na Susu nyuma kwenye godoro. Susu alikuwa amedungwa sindano, amechoka, kila jiwe linamuumiza. Alilia, "Mwambie apite njia ya mkato, mwalimu. Nitakufa kwa hii mitingisiko." Nikagonga kioo nikamwambia Fundi. Alitazama mbingu. Kwetu hapakuwa na tone. Alifikiri, akakata kuelekea mtoni. Yeye, ambaye soko zima lilikuwa likimlipa ainue magari kwa sababu ya mchanga ule ule.

Katikati ya mto pikapu ilikaa. Haikuzama hata. Ililala tu juu ya mchanga kwa tumbo, magurudumu yakizunguka bure. Fundi akatoka, akapiga magoti, akachimba kwa mikono kama mbwa. Ndipo Susu, mwenye masikio yale, akasema, "Nyamazeni." Tukanyamaza. Kulikuwa na mngurumo mbali, juu ya mto. Mvua ilikuwa imenyesha vilimani ambako hatukuiona.

Kila Mkamba anajua sauti hiyo. Nilimshika Susu makwapani nikavuta, tukaanguka wote. Nikapiga kelele, "Baba! Mbebe!" Fundi alikuja mpaka kwenye ubao wa nyuma. Nilimwona kwa karibu kuliko nilivyowahi kumwona. Ilikuwa mara ya kwanza yeye na Susu kutazamana macho kwa macho. Mikono yake ilitoka mbele, ikafika nusu. Susu alikuwa ameinua yake.

Kisha Fundi akairudisha. Akaifuta kwenye ovaroli, mara mbili, kama mtu anayeona ni michafu. Akageuka akakimbia kuelekea ukingoni, kwenye kona ambako watu walikuwa wakinywesha punda, akiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena.

Walikuja watatu. Maji yalikuwa yamefika, ya rangi ya matope, yenye miti ndani yake, yanatupita magotini. Walimtoa Susu, mimi nikashika leso ya mmoja wao. Tulipofika juu pikapu ilikuwa imelala ubavu. Hakuna aliyekufa pale. Hivyo ndivyo watu walivyosema kwa wiki nzima: Mungu mkubwa, hakuna aliyekufa.

Lakini Susu alikuwa amelowa mpaka kifuani na baridi ikamwingia. Siku ya saba nilikuwa nikimnywesha uji. Alinishika mkono akasema polepole, bila hasira, kama anayeulizia kitu kilichopotea: "Nilimwinulia mikono. Nilikuwa namngoja. Kwani aliogopa nini?" Usiku wa tisa alituacha.

Baada ya mazishi Fundi alikohoa nje ya jikoni, mara mbili, hakuingia. Akauliza kupitia ukuta, "Mwalimu. Mama alisema neno?"

Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikasema, "Alisema ulifanya vizuri, Baba. Alisema ulimhifadhia heshima yake."

Akauliza, "Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

Sikumdanganya kwa wema peke yake. Nilikuwa najiuliza, kama mimi nisingekuwa pale, mke wa mwanawe, nimekodoa macho, angembeba? Na ni nani aliyegonga kioo na kusema tupite njia ya mkato? Uongo ule ulinifunika na mimi pia.

Ng'ombe waliivuta pikapu kutoka mtoni, na kitu cha kwanza alichokifanya ni kuiinua. Alirudisha vile vyuma vinne, akaongeza vingine vitatu, akaweka sakafu juu, juu kuliko ilivyokuwa mwanzo, mpaka mama mkwe wangu hakuweza kuipanda na akaacha kujaribu. Tangu hapo mtu akimwomba kushusha gari alimfukuza. Kijana mmoja kutoka Nairobi alileta pikapu yake anataka ikae chini, ndiyo fasheni, na Fundi akamfuata na nyundo hadi barabarani. Kanisani hakuacha kusimama mbele, lakini lile neno la nthoni kuwa giza sikulisikia tena kinywani mwake. Wala hakuanza kunishika mkono. Alibaki katikati, na hapo katikati palimtesa.

Karibu kila Novemba aliniuliza. Hakuuliza sawasawa. Alikuwa akipita, anasema, "Susu alikuwa mtu ya maneno mingi, eh?" au "Siku zile za mwisho alikuwa anaongea bado?" Nami nikarudia uongo wangu, kila mwaka nikiuongezea kidogo, mpaka maneno ya Susu ya kubuni yakawa mengi kuliko ya kweli. Alisikiliza uso upande. Nadhani hakuamini hata mara moja. Nadhani aliuliza ili siku moja nichoke.

Nimefikia siku ninayotaka kumalizia. Miaka ya tisini ilikuwa inaisha. Mama mkwe alikuwa ameshatangulia, na nilikuwa mwalimu mkuu mwenye mvi. Fundi alikuwa amepooza upande mmoja, miguu haimbebi. Asubuhi hiyo alishindwa kumeza hata maji, na homa ilikuwa kali. Wanaume wote wa karibu walikuwa wamekwenda mwethya, kazi ya pamoja ya kuchimba matuta, bonde la pili. Niliisogeza pikapu kinyumenyume hadi mlangoni, nikatandika godoro, nikafungua ubao wa nyuma. Ulinifika kifuani.

Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda. Alitazama gari lake, akatazama chini.

"Ita watu," akasema.

"Hakuna watu, Baba. Wako mwethya."

"Tungoje."

"Hatuwezi kungoja. Nitakubeba."

"Wewe ni mke wa mtoto wangu." Mdomo wake ulikuwa umepinda lakini neno lilitoka sawa. "Ita watu."

Nilisimama mbele yake na mikono yangu imening'inia. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mwenyewe, na nikamkasirikia hata Susu kwa kuniachia maneno yale peke yangu. Nikapiga moyo konde.

"Susu hakusema ulifanya vizuri," nikasema. "Nilikudanganya. Alisema, nilimwinulia mikono, nilikuwa namngoja. Akaniuliza uliogopa nini."

Kuku walikuwa wakikwaruza chini ya gari. Fundi hakusogea. Nilifikiri nimemuua.

"Miaka hii yote," akasema mwishowe.

"Miaka hii yote, Baba. Nisamehe."

"Nilijua." Akapumua. "Niliona mikono yake. Mimi ndio nilikuwa pale."

Akaigeuza shingo yake taratibu mpaka akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nifike katika boma lile. Macho yake yalikuwa ya kahawia hafifu. Sikuwa najua. Kisha akainua mkono ule mzima, na ule mbovu akausaidia kwa ule mzima, akanyoosha yote miwili.

Nilimbeba. Alinuka oili bado. Nikamwegemeza kwenye ubao, nikamsukuma ndani, kofia yake ikaanguka nikamrudishia. Alilala kwenye godoro akihema, akatazama kuta za bodi, akatazama umbali wa kutoka pale hadi chini.

"Hii gari iko juu sana," akasema. "Nani alifanya hii ujinga?"

Nikafunga ubao wa nyuma. Nikazunguka nikakaa kwenye usukani, nikawasha, nikafuta macho kwa leso, nikakaa tu, sioni barabara. Ndipo nikasikia nyuma yangu akigonga bodi, mara mbili.